Masika Niliyomlisha Teodori Chumvi

Nangara, Babati, mwaka 1984

Alhamisi, 1 Machi

Mvua bado. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, kabla hajahamishwa, alituonya kwamba mzee asipoandika, herufi humtoka moja moja kama kuku wasiofungiwa. Zangu nilizipata kwa taabu, siziachii. Basi naandika. Mimi ni Kasimiri, mgane. Nina ng'ombe wanne, meno ya upande mmoja, na binti yangu Natalia, aliyerudi kutoka kwa mumewe na ulimi mkali kuliko alioondoka nao. Na nina adui mmoja. Wengine wana maadui wengi lakini hawawatunzi. Wangu namtunza.

Jumapili, 4 Machi

Padri amehubiri kusamehe. Adui yangu Teodori, balozi wetu wa nyumba kumi, alikaa benchi la mbele na shingo yake ya fahali. Wakati wa kupeana amani nilimbana vidole mpaka vikalia.

"Amani, Baba Natalia," akasema.

"Nawe, Balozi. Upate unachostahili."

Padri alituona, akatabasamu mpaka masikioni.

Jumanne, 6 Machi

Leo niandike kosa lake, nisije nikafa likasahaulika.

Mwaka jana ilipokuja ile vita ya walanguzi, kila balozi aliambiwa apeleke majina ya wanaoficha bidhaa. Mimi nilikuwa na gunia la chumvi ya Balangida, ile ya ziwani, ya kijivu, yenye mchanga ndani, tunayowapa ng'ombe tangu enzi za baba zetu. Niliifuata kwa punda. Teodori aliijua chumvi ile. Safari ile tulikwenda wote, tukalala chini ya blanketi moja, akakoroma usiku kucha. Lakini alikwenda akawaambia wakubwa kwamba Kasimiri ameficha chumvi ya dukani auze kwa magendo.

Nikakaa mahabusu masika yote. Katarina wangu akashikwa na homa, akafa, wakamzika mimi nikiwa ndani. Sikumtupia hata konzi moja ya udongo. Na jeneza lilibebwa na nani? Na Teodori, upande wa kichwani, eti kwa sababu ana mabega.

Mwishowe afisa mmoja alitia kidole kwenye gunia, akalamba, akatema mpaka ukutani. "Hii si ya watu!" Wakaniachia mimi na gunia langu. Hakuna aliyesema pole. Teodori alinipokea pale njiani akasema, "Karibu nyumbani," kama mtu aliyetoka sokoni.

Sitaki ng'ombe wake. Sitaki fidia. Nataka aseme mbele ya watu kwamba alidanganya. Asiposema, basi afe. Lolote litakalotangulia nitalipokea.

Jumatatu, 12 Machi

Kichwa kilikuwa kinavuma, nikaenda zahanati ya misheni. Nani yuko kwenye benchi? Teodori. Dunia ina mabenchi mengi, lakini mimi nawekewa lile.

Daktari ni Evangelina, mtoto wa Mbulu, Mlutheri, amesoma mpaka Dar es Salaam. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lakini mimi si babu, ni mchumba aliyechelewa."

Hakucheka. Akanifunga ule mpira mkononi, akapuliza, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Kisha Teodori naye. Akatuambia wote wawili tuna presha ya juu, ya Teodori inatisha zaidi, na vidonge vilivyobaki ni vya kuombea dua.

"Chumvi muiache kabisa," akasema. "Mwenye presha akila chumvi nyingi, siku moja mshipa wa kichwani unapasuka. Ni sawa na kula sumu kidogo kidogo."

Teodori akacheka. "Chumvi ipi, dokta? Kwangu hatujaiona tangu Krismasi."

"Basi kwa hilo dhiki imekusaidia."

Sumu kidogo kidogo. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Jumamosi, 17 Machi

Mvua imefika. Tumepanda mahindi na mbaazi.

Jumapili, 18 Machi

Nimemwalika Teodori chakula baada ya misa. Nilichinja beberu mzee, nikachukua ile chumvi ya ng'ombe, nikaiyeyusha majini, nikachuja mchanga kwa kitambaa, nikaichemsha mpaka ikabaki nyeupe. Natalia alikuwa ananitazama mikono kiunoni.

"Baba, tangu lini unapika?"

"Tangu leo. Kaa mbali na sufuria yangu."

Nikatia konzi baada ya konzi. Mji huu mzima watu wanakula mboga chapwa kama majani ya sungura, halafu Kasimiri anaweka mbele ya balozi supu yenye chumvi! Kwetu mgeni hagusi chakula mpaka mwenye nyumba aonje mbele ya macho yake, maana dunia ina watu wabaya. Ni kweli, inao. Nikaonja. Halafu, kwa vile ni bakuli moja na mgeni haachwi ale peke yake, nikala naye.

Teodori alipopata funda la kwanza alifumba macho. Machozi yakamtoka. "Baba Natalia," akasema, "nilikuwa nimesahau."

"Ongeza, Balozi. Kula. Usione haya."

Jumatano, 21 Machi

Amekuja. Maharage.

Ijumaa, 23 Machi

Kwaresima, hakuna nyama. Maharage tena. Amekuja.

Jumapili, 25 Machi

Padri amenitaja kanisani. "Tuna mzee katikati yetu aliyemwita mezani mtu aliyemkosea." Akina mama wakageuza shingo kunitazama. Nikainamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye picha. Nje, Bushiri mwenye duka, ambaye si wa kanisa letu lakini habari zote humfikia kabla ya sisi, akanishika mkono: "Mzee wangu, wewe ni mtu mkubwa. Chumvi yenyewe mimi mfanyabiashara sina, wewe unampa adui!"

Hujajua bado, Bushiri.

Ijumaa, 30 Machi

Mvua kubwa. Nilidhani leo hatakuja. Amekuja, tope mpaka magotini.

Alhamisi, 5 Aprili

Teodori analalamika kisogo kinamgonga. Nikamwongezea mchuzi.

Jambo linaloniudhi ni moja: hakai bure. Leo alipanda juu ya nyumba akaziba paa lililokuwa linavuja juu ya kitanda changu. Mzee mzima, shingo imevimba, yuko juu ya paa langu na nyasi mdomoni. Nikiwa chini nilikuwa nasema kimoyomoyo, anguka. Hakuanguka. Usiku nimelala pakavu, nimekasirika.

Jumanne, 10 Aprili

Natalia ananifuatafuata. "Baba, chumvi ya ng'ombe unamalizia watu."

"Na yeye si fahali?"

"Miguu yako imevimba. Tazama, nikibonyeza, shimo linabaki."

"Ni uzee. Uzee una mashimo."

Jumapili, 15 Aprili

Matawi. Teodori alinibebea na langu. Masikio yangu yanalia kama yamefugiwa nyuki.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Kondoo. Chumvi mpaka Natalia aliyeonja kijiko akakimbilia mtungi wa maji. Teodori alikula, mimi nikala, yeye akala, mimi nikala. Nilimtazama usoni kila funda nikingoja. Akafuta midomo, akasema, "Tangu Katarina afariki sijala chakula kama hiki katika nyumba hii."

Amethubutu kumtaja. Nikamwekea bakuli jingine. Nikalijaza na langu.

Jumanne, 1 Mei

Sasa mkono unatii, naweza kuandika yaliyopita.

Siku mbili baada ya Pasaka nilikuwa napalilia. Jembe likanitoka mkononi. Nikainama kuliokota, nikaona ardhi inakuja yenyewe. Nilitaka kumwita Natalia, mdomo ukatoa sauti ya ndama. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala. Aliyekuja mbio ni Teodori, alikuwa njiani kuja kula. Barabara ilikuwa tope, hakuna gari, na kama lingekuwapo lisingekuwa na mafuta. Akanibeba mgongoni kutoka Nangara mpaka zahanati. Nilimsikia akihema kama mvukuto. Nilichowaza ni hiki: amebeba jeneza la Katarina, na sasa ananibeba mimi, huyu mtu ataimaliza nyumba yangu yote kwa mabega yake.

Evangelina alinilaza, akanitoboa sindano. Uso ukanirudia siku ya pili. Akasema ni kiharusi kilichopita na kubisha hodi tu, kikija tena kitaingia na kukaa.

Lakini siku ile ile ya kwanza alimtazama pia Teodori aliyekuwa ameegemea ukuta, damu inamtoka puani. Akampima. Akaniacha mimi, akaenda kwake. Alimlaza, akaweka kile chombo cha kusikilizia, si kifuani bali tumboni, kando ya kitovu. Akasikiliza muda mrefu.

"Kuna mvumo," akasema. "Kama maji yanayopita kwenye bomba lililobanwa. Mzee Teodori, nadhani mshipa unaopeleka damu kwenye figo lako moja umekuwa mwembamba."

"Figo na presha wapi na wapi?" nikauliza. Mdomo ulikuwa bado umepinda lakini udaku haupindi.

Akakaa kitandani kwangu akatueleza. Figo, anasema, ndilo linalochunga maji na chumvi ya mwili. Likiona damu inayofika ni kidogo, linadhani kuna ukame mwili mzima. Basi linatoa kitu kwenye damu, na kitu hicho kinatengeneza mjumbe, anakamilika akipita mapafuni, jina lake angiotensini. Mjumbe anazunguka mwilini. Kwenye kuta za mishipa kuna vipokezi vyake, kila kimoja kama kitasa kinachongoja ufunguo ule tu. Ufunguo ukiingia, mshipa unajikaza. Mishipa yote ikijikaza, presha inapanda. Mjumbe huyo huyo anapita pia kwenye tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia, anaiambia: chumvi isitoke, maji yasitoke.

"Mtu aliyepoteza damu, au aliye jangwani, mjumbe huyo anamwokoa," akasema Evangelina. "Lakini kwa mzee Teodori ukame haupo. Figo moja tu limebanwa, ndilo linalopiga yowe. Vipokezi havina namna ya kujua kuwa habari ni ya uongo. Vinatii. Mjumbe akigonga hivyo miaka mingi, moyo unatanuka, figo zinachakaa, mishipa ya kichwa inapasuka."

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. "Dokta! Hilo figo nalijua! Hilo ni Teodori mwenyewe! Linapeleka taarifa ya uongo, na wenye vitasa wanakaza bila kuuliza!"

Evangelina hakuelewa. Teodori alielewa. Aligeuza uso ukutani.

"Si mngeziba vitasa?" nikauliza.

"Wanatafuta hiyo dawa huko maabara, babu. Ya kuziba kitasa chenyewe, mjumbe afike akute pameshaingiwa. Haijafika kwetu. Lakini ninazo hizi." Akatoa kichupa. Mgeni mmoja wa misheni aliziacha. Dawa mpya, haizibi kitasa, inamzuia mjumbe asikamilike. Na wazo lake, anasema, lilitokana na sumu ya nyoka, nyoka wa Amerika ambaye akiuma presha ya mtu inaanguka.

Wakampa Teodori sumu ya nyoka, mbele yangu, bure, na ikamponya! Presha ilishuka haraka mpaka daktari akakaa karibu naye na kumshika mkono. "Hapo sasa nina hakika," akasema. "Ni yule mjumbe."

"Na mimi?"

"Wewe mjumbe wako amelala, babu. Wako ni ugonjwa wa chumvi. Figo zako haziwezi kuitoa, inavuta maji, mishipa inajaa. Umekuwa ukila nini?"

Natalia, aliyekuwa mlangoni, akatazama dari.

"Na yeye?" nikauliza. "Akila chumvi nyingi sana, kwa mfano?"

"Haimfai. Lakini presha yake inaendeshwa na figo kuliko chumvi. Aliyekuwa anakufa kwa chumvi ni wewe."

Nimepewa vidonge vya kukojoa. Tangu hapo nakojoa kama ng'ombe watatu. Kisasi changu chote kinakwenda chooni.

Ijumaa, 4 Mei

Teodori ananiletea uji asubuhi na mboga jioni. Hakuna hata chembe ya chumvi. Ananilisha kwa kijiko huku ananitazama. Mtu huyu analipiza.

Jumatatu, 7 Mei

Mchicha chapwa. Naapa analipiza.

Alhamisi, 10 Mei

Nimeshindwa kuvumilia. Kijiko kilipofika mdomoni nikakisukuma.

"Teodori, nimekuwa nakuua."

"Najua."

"Hujui. Ile chumvi..."

"Baba Natalia, tulikuwa benchi moja. Dokta aliposema chumvi ni sumu, nilikuona ukitabasamu."

Natalia aliacha kufagia.

"Mbona ulikula?"

Akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Kwanza, ilikuwa tamu. Wewe hujakaa miezi bila chumvi. Pili, nilidhani nikishakula ya kutosha tutakuwa tumelipana, nitaacha kuvuka barabara nikikuona."

"Tumelipana wapi? Aliyeanguka ni mimi!"

Akacheka. Yaani Teodori alicheka, na mimi, laana ya meno yangu, kidogo nicheke naye.

"Kwa nini ulinitaja?" nikamuuliza.

"Walitaka jina kabla ya jioni," akasema. "Lako ndilo lililokuwa karibu."

Basi. Katarina wangu alizikwa na wageni kwa sababu jina langu lilikuwa karibu. Nilimwambia atoke. Aliacha uji. Niliula, kwa hasira, mpaka mwisho.

Jumapili, 20 Mei

Mahindi yanatoa mbelewele. Teodori haji. Kumekuwa kimya, kuzuri sana. Natalia anasema nimeanza kuchungulia njiani. Ni mwongo.

Ijumaa, 25 Mei

Evangelina amekuja mpaka nyumbani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Vidonge vya nyoka vinakaribia kwisha, na hakuna vingine nchi nzima anayojua yeye. Teodori anatakiwa afike hospitali kubwa Moshi, wapasuaji wauone ule mshipa. Bila hivyo, vidonge vikiisha, figo litaanza kupiga yowe upya. Lakini hawezi kwenda peke yake, anataka mtu wa kumpikia na kumsainia kama ndugu. Mke wake hatembei. Watoto wao wako mbali, hawajibu.

"Amenitajia wewe," akasema Evangelina.

"Huyo kutaja watu ndiyo kazi yake."

Nikamwambia sharti langu. Asimame mbele ya watu aseme alidanganya. Akisema, nitakwenda. Asiposema, aende na figo lake.

Jumatatu, 28 Mei

Amekataa. Anasema balozi hawezi kusimama hadharani kujitukana. Nimefurahi sana. Nimetembea mpaka Bonga na kurudi kwa furaha.

Ijumaa, 1 Juni

Evangelina ananiambia Teodori ameanza kuvimega vidonge nusu nusu vidumu. Nimesema, "Vizuri." Natalia hajaniwekea chakula jioni. Nimejitafutia kiporo.

Jumapili, 3 Juni

Hakuwapo kanisani. Damu ya pua, wanasema. Benchi la mbele lilikuwa na pengo kama la meno yangu. Nilijaribu kulitazama kwa raha. Wakati wa kupeana amani sikuwa na mtu wa kumbana vidole.

Jumatano, 6 Juni

Kuna lori la mahindi linakwenda Arusha, huko tutapata jingine la Moshi. Sikuwa nimekubali. Nilikwenda ghalani kutazama tu.

Watu walikuwa wengi kuliko magunia, kila mmoja anagombea kupanda. Teodori alikuwa amekaa juu ya debe, kibahasha chake cha vidonge mkononi, macho mekundu. Evangelina amesimama kando yake. Aliponiona akainuka, akashika ubao wa lori, akapanda juu ya debe. Nilidhani anapanda garini. Akageuka.

"Jamani!" akaita. "Jamani, nisikilizeni! Mzee Kasimiri hakuficha chumvi! Ilikuwa ya ng'ombe! Mimi nilijua, nikasema uongo! Akafungwa, mkewe akafa hayupo! Ni mimi!"

Mwaka mzima na zaidi nimeisubiri sauti ile. Nilikuwa nimeshajua nitasimama vipi, nitaweka mikono wapi. Nikageuka kuwatazama watu wakishangaa.

Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alikuwa anavuta kamba. Wawili wanagombana kuhusu gunia. Mama mmoja mwenye kuku wawili akanisukuma mbavu: "Mzee, kama hupandi, pisha!" Evangelina peke yake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Teodori yuko juu ya debe, ananitazama kama mtoto aliyemaliza kusoma ubaoni.

"Nimesema," akasema.

"Umesema kwa nani? Kwa kuku?"

Akayumba. Nilimdaka kwapani. Mzito huyu mtu! Nikamsukuma juu kwa bega, Natalia akamvuta kwa mikono, maana kumbe alikuwa amenifuata na kifurushi changu cha nguo, kimefungwa tangu jana, bila kuniuliza.

Naandika haya juu ya magunia. Dereva amekwenda kutafuta dizeli, anasema huenda leo, huenda kesho. Teodori amelala, kichwa amekiegemeza begani kwangu, anakoroma. Nimemwekea mkono puani mara mbili kuona kama anapumua. Anapumua. Asithubutu kuacha. Kesi hii haijaisha. Nitampeleka Moshi wamrekebishe hilo figo, nimrudishe Babati mzima, na alirudie neno lile kanisani, na kilabuni, na kwenye foleni ya sukari, mpaka hata viziwi wa Sigino waje kuniletea habari zake. Nikishasikia kutoka kwao, hapo ndipo nitafikiri kama afe.